Ngoma Niliyoikana

Kabla hujamrekodi mtu, rekodi chumba. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia vijana wanaonijia hapa Mkonze na kompyuta zao mgongoni, wakitokea chuoni kule Chimwaga, wakitaka kujua sisi wa zamani tulifanyaje kazi. Washa mtambo, mwambie kila mtu afunge mdomo, kisha rekodi kimya cha dakika moja. Wananitazama kama nimechanganyikiwa. Mmoja aliniuliza, kwa adabu zote, kimya nacho kina faida gani. Nikamwambia asubiri siku atakapolazimika kukata kipande katikati ya wimbo kwa sababu mwimbaji amekohoa. Lile pengo utaliziba na nini? Ukiliacha tupu, msikilizaji atadhani redio yake imezimika. Unaweka kimya cha chumba kilekile, chenye upepo wake na bati lake, na hakuna atakayejua kuwa hapo palikuwa na kikohozi.

Nimestaafu sasa. Sikio la kushoto limeanza kunidanganya, na daktari anasema hiyo ni zawadi ya miaka arobaini ya hedifoni. Studio yangu, kile chumba cha pembeni chenye magodoro ukutani, mke wangu amekigeuza stoo ya karanga. Sina ugomvi naye, karanga hazipigi kelele. Nimerekodi kwaya za Dodoma hii mpaka nikawajua kwa majina wachungaji wanaoimbia puani. Kwa hiyo ninyi vijana mliposema "Mzee, tuandikie chochote kuhusu kazi," nikakubali, ila nawaonya kwamba mimi sijui kupanga mambo. Nitaanzia relini na kuishia kwenye simu, na hapo katikati kuna jambo ambalo hadi hivi karibuni sikuwahi kumsimulia mtu, hata mama watoto.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Sostenes. Alikuwa fundi wa gari la kurekodi la redio, lile lililozunguka vijijini kukusanya nyimbo za wenyeji, na mimi nilikuwa fundi wake wa pili, maana yake nilibeba nyaya. Mkali huyo! Ukikohoa kanda inazunguka, unashuka kwenye gari unarudi ulikotoka kwa miguu, na kwetu kule miguu ina maana ya jua kali na miiba. Lakini kitu kimoja alikifanya ambacho sijaona fundi mwingine akikifanya kwa uaminifu ule. Kila tukimaliza, alikaa kwenye kigoda na kalamu, akamwita kila mtu mmoja mmoja, akaandika jina lake kwenye kijikaratasi cha kaseti. Aliyeimba, aliyeitikia, aliyepiga, hadi aliyepiga makofi. Watu wakichoka wanataka kwenda kula, yeye hajali. Alikuwa akisema kanda isiyo na majina ni kanda ya wizi.

Siku moja gari hilo lilifika Gulwe, nyumbani kwetu, ambako reli ya kati inapita karibu na nyumba kiasi kwamba kikombe kinacheza mezani. Tulikwenda kurekodi muheme. Kwa wasiojua, muheme ni ngoma ya akina mama wa Kigogo. Wanaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na zamani ilipigwa hasa wakati wa jando. Aliyekuwa akipiga ngoma ya kwanza, ile inayowaongoza wengine, alikuwa mama yangu. Mzee Sostenes hakujua. Sikumwambia, niliogopa ataniona nataka upendeleo.

Basi akina mama wamekaa tayari, mtambo umewashwa, mara treni ya mizigo hiyo. Tukasubiri ipite na mabehewa yake yote. Ilipopotea, Mzee Sostenes akainua mkono tuanze. Mama akamwambia atulie kwanza, kuna nyingine inakuja kutoka upande wa pili, zinapishana hapa. Mzee Sostenes hakuwa mtu wa kupangiwa kazi na mwanamke aliyekaa chini. Akawasha. Hatujafika hata katikati, treni ya pili ikaingia ikipiga honi, ikafuta kila kitu. Nilidhani atalipuka. Akavua kofia yake, akamwinamia mama kidogo, akamuuliza sasa tunaweza? Mama akasema sasa mnaweza, hadi jioni.

Hapo nilijifunza jambo jingine, liandikeni. Ngoma ya namna ile, sauti yake nzuri haitokei juu kwenye ngozi, inatokea chini kwenye mdomo wa mti, ule upande ulio wazi. Mzee Sostenes alihamisha maikrofoni kutoka mbele ya mama, akaiweka nyuma yake, chini, karibu na kisigino, akaifunika na kitenge kwa ajili ya upepo. Nilipovaa hedifoni nikasikia kitu ambacho nilikuwa nimekisikia utotoni kote bila kukisikia. Mama alikuwa akichelewa kidogo kwenye pigo la nne. Bega lake la kulia lilikuwa bovu kwa miaka ya kuteka maji, basi mkono ulifika ukiwa umechelewa kidogo tu, na wenzake wote walikuwa wamezoea kumsubiri. Mdundo mzima ulikuwa umejengwa juu ya bega la mama yangu.

Mzee Sostenes alipostaafu alinigawia nakala za kanda zake pamoja na vijikaratasi vyake, sanduku zima. Wakati huo mama alikuwa amekwishafariki. Niliweka sanduku juu ya kabati la studio, nikawa nalitazama zaidi ya kulifungua.

Nyemo alikuja miaka mingi baadaye. Alikuwa binti, karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anauza misumari na saruji, na Jumapili ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya vijana ya kanisani kwetu. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya chini, wala hakuipamba. Siku hizi mwimbaji akipata neno "Bwana" analizungusha mpaka linapata kizunguzungu. Nyemo alilisema likaisha. Alikuja na nyimbo nane alizotunga mwenyewe, akaniomba tutengeneze albamu, na mimi nikamwambia tufanye alfajiri, kwa sababu ikifika saa tatu jua linapiga bati, bati linaanza kutatarika, na hakuna kompyuta inayoweza kukuondolea ule mlio bila kuondoka na sauti ya mtu.

Wimbo wa tatu katika zile nane ndio mnaoujua wote. Ule wa mtu aliyepotea siku nyingi, anarudi, anabisha hodi, na mwenye nyumba anamuuliza tu, "Ulikuwa wapi? Chakula kimepoa." Mwenye nyumba ni Mungu, hilo liko wazi kwa anayetaka liwe wazi. Tuliuingiza na kinanda, mdundo wa kinanda ule wa kubonyeza kitufe. Ulikuwa safi. Ulikuwa safi mno, nikausikiliza siku tatu nikiona kuna kitu kimekosekana, kama mboga isiyotiwa chumvi.

Siku ya nne nikapanda kwenye kigoda, nikashusha sanduku la Mzee Sostenes. Nilijiambia natafuta tu wazo. Nikaweka kanda ya Gulwe, nikasikia kisigino kikisogea kwenye mchanga, nikasikia mama akisafisha koo, kisha ngoma. Nilikuwa na miaka mingi sijamsikia mama akisafisha koo.

Mwendo wa ngoma ulikuwa karibu sawasawa na wa wimbo. Nikaiingiza kwenye kompyuta, nikapunguza kinanda, nikaiweka ngoma ya mama chini ya ubeti wa pili, pale anapobisha hodi. Sikurekebisha lile pigo la nne. Kompyuta iliniuliza kama nataka ilinyooshe, nikaikatalia. Nikamaliza, nikausikiliza wimbo mzima nikiwa nimesimama, na nikalia peke yangu humo ndani na magodoro yangu.

Nyemo alipokuja kusikiliza, aliweka mkoba chini akabaki ameinama vilevile mpaka mwisho. Akaniuliza hawa ni akina nani. Nikasema akina mama wa kijijini kwetu. Akauliza majina yao. Nikasema yapo kwenye kanda, nitakupa. Kwa nini sikumwambia palepale? Niliona haya. Niliona nimempenyeza mama yangu kwenye kazi ya mteja, kama bosi anayempenyeza ndugu yake ofisini. Nikasema nitamwambia siku nyingine.

Kisha akasita. Aliniuliza kanisani watasemaje, maana muheme ni ya jando na wazee wanaijua. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, mjumbe wa baraza, kiti changu kilikuwa cha pili kutoka kwa mchungaji. Nikamwambia, haya ni maneno yangu mwenyewe, "Niachie mimi, mwanangu. Hiyo ni juu yangu." Akaniamini, akaokota mkoba wake. Jalada likachapwa, jina la mwimbaji, jina la mpiga kinanda, jina langu kama fundi mitambo. Mama hakuwemo. Mzee Sostenes angekuwa hai angenishusha garini.

Albamu ilipotoka ilinunuliwa kwanza na watu wa kwaya, kama albamu zote. Kisha mtangazaji mmoja wa kituo cha vijana, kijana wa vichekesho ambaye kwa kawaida hapigi nyimbo za dini, akauweka ule wimbo wa tatu katikati ya nyimbo mbili za mapenzi. Hakusema ni wa injili. Watu wakapiga simu siku nzima wakiuliza ni wa nani. Baada ya hapo, wee acha tu. Ulipigwa harusini, kwenye mabasi ya Singida, kwenye saluni. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Kondoa alikuja mpaka mlangoni kwangu kutafuta nakala za dukani kwake, akaniambia wateja wake wanaupenda kwa sababu kila mtu ana mahali alipochelewa kurudi. Na walevi, Mungu awarehemu, waliusikia kama wimbo wa mume anayefunguliwa mlango na mkewe bila kelele. Waliupenda kuliko watu wa kanisani.

Mchana mmoja nilikuwa natoka sokoni na maharage yangu, nikapita mahali palipo na baa mbili zinazotazamana. Zote zilikuwa zinaupiga, moja imetangulia mstari mmoja. Nikasimama katikati ya barabara. Mama yangu, ambaye hakuwahi kufika mbali zaidi ya Mpwapwa mjini, alikuwa akipiga kulia kwangu na kushoto kwangu, na watu wasiomjua walikuwa wakigonga meza kwa mdundo wake, na kwenye pigo la nne nao wakachelewa. Bodaboda alinitukana nipishe njia. Nilikuwa na furaha iliyozidi.

Ndipo baraza likaitwa.

Tulikaa ofisini nyuma ya kanisa, baada ya ibada ya kwanza. Wazee saba, mchungaji, katibu, na Nyemo kwenye kiti cha peke yake karibu na mlango, bado amevaa sare ya kwaya. Lalamiko lilikuwa kwamba wimbo wa Bwana unachezwa na watu walioshika chupa, na kwamba kilichowaita watu hao ni ile ngoma. Katibu alikuwa amekuja na redio ya sidii. Wakaupiga. Nikamsikiliza mama yangu akipiga mbele ya baraza la kanisa, na mwenyekiti wa baraza, mzee mmoja mwenye sauti ndogo ambaye sijawahi kumsikia akifoka, akazima redio ubeti wa pili haujaisha.

"Nani aliweka ngoma hii?"

Nyemo akanitazama. Nataka mnielewe vizuri hapa. Hakunitazama kwa kunilaumu wala kwa kuniomba. Alinitazama kama unavyomtazama mtu ambaye ni zamu yake kusema, unampisha. Na mimi nikaangalia kalenda iliyokuwa ukutani. Ilikuwa kalenda ya mwaka uliopita, hakuna aliyekuwa ameitoa. Nilizisoma tarehe zote za mwezi ule.

"Ni mimi," akasema Nyemo.

Mmetegemea niseme sababu. Zipo, ila hakuna nzuri. Kijana wangu alikuwa anafunga ndoa kanisani hapo baada ya wiki mbili. Kwaya nyingi zilikuja studio kwangu kwa sababu nilikuwa mzee wa kanisa. Na nilizoea kile kiti cha pili. Petro yeye alipata jogoo wa kumshtua, mimi nje pale Mkonze zilikuwa zikilia pikipiki tu. Baraza likaamua Nyemo akae pembeni miezi sita, asisimame na kwaya, asiimbe mbele ya ushirika. Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Wanangu, mkono wangu ulipanda.

Nilitokea mlango wa nyuma, ule wa kuelekea bombani, nikaenda nyumbani kula wali wa Jumapili.

Nyemo hakumaliza hiyo miezi sita. Watu wa Dar es Salaam walikuwa wakimtafuta muda mrefu, akaenda. Mengine mnayajua kuliko mimi. Albamu za baadaye zilirekodiwa kwenye studio zenye vioo na viyoyozi, na jina lake likafika hata nchi za jirani. Anapouimba ule wimbo wa tatu jukwaani, wapigaji wake hupiga ngoma kwa kompyuta. Nimemwona kwenye simu ya mjukuu wangu. Wamejitahidi, siwasemi vibaya, lakini pigo la nne linafika kwa wakati. Nikisikia hivyo naumia, nakuwa kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umebadilishwa.

Hakuwahi kurudi Mkonze. Simu yangu nimebadilisha mara tatu tangu wakati ule, na kila mara kitu cha kwanza nilichohamisha ilikuwa namba yake. Sikuwahi kuibonyeza. Nimerekodi waimbaji wengi baada yake, wazuri tu, na kila mmoja akiingia chumbani alfajiri na koti lake, moyo wangu uliruka, kisha nikaona si yeye. Nilimkumbuka anavyoweka mkoba chini. Nilikumbuka hata namna alivyonipinga nikimwambia rudia. Mtu akiniuliza katika kazi yote unatamani nini kirudi, nadhani anatarajia niseme kanda, au mitambo ile mizito ya zamani. Natamani asubuhi ile kabla jalada halijachapwa, na yeye ananiuliza majina.

Mwezi uliopita nilikuwa kinyozi. Wimbo ukapigwa redioni, ule wa albamu ya kwanza, wenye ngoma ya mama. Kinyozi, kijana mpole ambaye hata hajui kuwa nilikuwa fundi, akaniuliza huyu dada si alikuwa wa kanisa lenu, mbona hajawahi kurudi hata kusalimia? Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa. Nikasema sijui. Nikasikia mwenyewe nilivyolisema, jinsi lilivyotoka rahisi, na nikajua kwamba nimezoea.

Jumapili iliyofuata nikamwomba mchungaji nafasi ya kusema neno. Mchungaji wa sasa ni kijana, amekuja juzi tu. Nikasimama mbele na magoti yangu haya, nikasema yote kwa ufupi. Kwamba ile ngoma niliiweka mimi, kwamba binti yule alibeba kosa langu, na kwamba nilinyoosha mkono. Sikusema ya mama. Nilidhani hayo yanatosha kwa siku moja.

Mnajua kilichotokea? Walinipigia makofi. Mchungaji akanishika bega, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mzee aliyetuletea ngoma zetu kanisani, akasema na leo vijana wameandaa wimbo huohuo. Kweli bwana, kwaya ya vijana ikasimama, wasichana wanne wakakaa chini na muheme, wakaupiga mbele ya madhabahu. Wa lile baraza wanne wamekwishafariki. Mwenyekiti anaishi kwa binti yake Kongwa na hatambui watu. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kunikasirikia. Nilikwenda kuungama nikarudi nimepongezwa, na sijawahi kujisikia vibaya vile tangu niache kazi.

Mchana huohuo nikakaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo ya karanga, nikabonyeza namba. Iliita mara nyingi. Nilikuwa nakaribia kukata.

"Mbukwa, Fundi."

Alikuwa na namba yangu. Miaka yote hii alikuwa nayo. Nikaitikia mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, nikamuuliza habari za nyumbani kwake, akajibu, akauliza za kwangu, nikajibu, na baada ya hapo salamu ziliisha ikabidi niseme. Nikamwambia ya baraza. Nikamwambia nimesema kanisani leo, na walivyofanya. Hakunikatiza.

"Nilikusubiri," akasema. "Siku ile. Nilisimama pale kwenye ua wa mbele mpaka watu wa ibada ya pili wakaingia. Nilijua utatoka uje uniambie neno, lolote tu, twende wote nyumbani."

Nikamwambia nilitokea mlango wa nyuma.

"Najua. Nilikuja kuambiwa."

Nikaomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea, nikasema tu nisamehe mwanangu. Akasema alikwishanisamehe siku nyingi, asingeweza kuuimba ule wimbo akiwa na kinyongo, kingeonekana. Kisha akasema kuna jambo amekuwa akitaka kuniuliza. Albamu ile inatolewa upya, na safari hii wanaandika majina ya wote waliopiga. Kila anakokwenda anaulizwa ngoma ile alipiga nani, maana wapigaji wake wameshindwa kuiiga, kuna mahali inawaponyoka. Yeye huwajibu hajui. Nilimwahidi majina na sikumpa.

"Alikuwa nani, Fundi?"

"Mama yangu," nikasema.

Mimi ni mtu wa kusikiliza vyumba, nikasikia chumba chake. Kulikuwa na feni, na mbali kidogo mtu akiosha vyombo.

"Kwa hiyo siku ile waliyouliza nani aliweka ngoma hii," akasema polepole, "ulikuwa unamsikia mama yako."

"Ndiyo."

"Basi mimi nilikuwa wa pili, Fundi. Aliyekanwa kwanza ni yeye."

Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana liliingia. Akaniuliza mama aliitwa nani. Nikamwambia asubiri, asikate. Nikaingia stoo, nikasogeza magunia ya karanga, nikashusha sanduku. Kaseti ya Gulwe ilikuwa chini kabisa. Wino ulikuwa umefifia lakini mwandiko wa Mzee Sostenes ni wa mtu aliyesoma shule za wamisheni, unasomeka hata wino ukifa. Majina kumi na moja. Alikuwa ameandika hadi la mtoto aliyepiga makofi. La kwanza juu lilikuwa la mama, na pembeni yake kwa herufi ndogo alikuwa ameandika kitu ambacho sikuwahi kukisoma, kwa sababu sikuwahi kukitoa kile kijikaratasi kwenye kasha lake: "Mama wa fundi wangu. Kijana hajaniambia."

Nilikaa juu ya gunia.

"Fundi? Upo?"

"Nipo. Foibe Mbeleje," nikasema. "Foibe ni la ubatizo. Mbeleje ndilo tulilomwita nyumbani."

"Niandike lipi?"

"Yote mawili."

"Sema tena basi, kwa sauti, mtandao unakatakata."

Mke wangu alikuwa uani. Alilisikia jina la mkwe wake likitoka kwenye stoo ya karanga, akaja mlangoni na ungo mkononi, akasimama. Sikumfungia mlango. Nikalisema tena kwa sauti, herufi kwa herufi, na Nyemo akawa analiandika.